Chini ya Kiwiko

Wanawake wa miteremko iliyo chini ya Karurumo, pale nchi ya Embu inapoanza kushuka kuelekea ukavu wa Mbeere, walikuwa na sheria moja ya udongo ambayo hakuna karani aliyeiandika. Mwanamke anayechimba udongo wa vyungu hupiga magoti kando ya shimo, huingiza mkono, na kiwiko kikifika usawa wa ardhi, basi. Hata kama udongo ulio chini yake ni laini kama samli, huuacha. Hufukia shimo kwa majivu na vigae, husogea hatua tatu, hupiga magoti tena.

Machimbo yenyewe yalikuwa bondeni, karibu na kijito, na yalikuwa na pande mbili. Upande wa asubuhi ni ule uliopigwa na jua la kwanza. Upande wa jioni ulikuwa mkabala wake, chini ya ukingo wenye miiba. Walichimba upande mmoja kwa miaka mitatu, wakauacha mwingine upumzike na kupokea udongo ulioshushwa na mvua kutoka juu. Wanaume hawakukanyaga pale. Iliaminika kwamba mwanamume akiuona udongo ukiwa wazi, vyungu vitapasukia motoni na yeye mwenyewe hatazaa tena. Watu waliothubutu kumkabili chui kwa mkuki walizunguka njia ndefu ya mtoni ili wasipite hapo.

Nimepita nchi nyingi ambako udongo huchimbwa kwa sepetu mpaka kilima kinageuka ziwa, kisha watu huhama. Kwa hiyo sikucheka niliposimuliwa habari ya kiwiko. Nilitaka kumjua mwanamke aliyeivunja sheria ile, maana niliambiwa alikuwa akiijua kuliko wote.

Jina lake lilikuwa Wanja. Alifundishwa ufinyanzi na mama yake, mwanamke mkali aliyegawa vitu vyote vya dunia katika mafungu mawili: vinavyorudi na visivyorudi. Nyasi hurudi. Maji ya kijito hurudi. Kuni hurudi ukikata tawi na kuliacha shina, na asali hurudi ukiwaachia nyuki chakula chao. Jiwe la kusagia halirudi. Kuhusu udongo wenyewe wanawake walibishana, na mama yake Wanja alikuwa na neno lake: udongo hurudi polepole kuliko uzee unavyokuja, kwa hiyo mtu mwenye haraka auhesabu kuwa haurudi.

Wanja alipokuwa na umri wa kama miaka kumi, mama yake alimchimbia kwa siri konzi moja ya udongo wa chini ya kiwiko. Akamwambia afinyange kibakuli. Kilitoka motoni chekundu na kizuri, ukikigonga kwa ukucha kinalia kama kengele. Mama akakiweka darini siku tano, kisha akakitia maji. Kesho yake kilikuwa kimeota vipele vyeupe. Keshokutwa kilikuwa kimefumuka vipande vipande kama kiazi kilichoiva kupita kiasi. Udongo wa chini, mama alimweleza, una vijiwe vyeupe vidogo kama mtama. Motoni hunyamaza. Vikinywa maji huvimba, na hakuna chungu kinachoweza kuvishikilia. Ndiyo maana waliotangulia waliweka mpaka kwenye kiwiko. Hawakuwa wakipima uchovu wa mkono.

Kila msichana wa bonde lile alilijua jambo hilo. Hakuna mwanamume aliyelijua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa mahali pa kulijulia.

Wanja aliolewa na Muthamia, mtu mrefu mwenye kicheko cha ghafla. Muthamia hakugusa udongo, lakini alibeba vyungu vya mkewe hadi soko la Karurumo, na Runyenjes, na wakati mwingine kuvuka mto Thuci hadi upande wa Meru, akijitapa njiani kwamba mke wake akifinyanga chungu hata uji wa jana hujiona mpya. Rafiki yake mkubwa alikuwa Kivuti. Walitahiriwa siku moja, wakiwa wamekaa bega kwa bega, na watu wa huko walihesabu kuwa rika la namna hiyo ni undugu uliozidi wa tumbo. Kivuti ndiye aliyesaidia kujenga jiko la Wanja. Siku hiyo jembe lilimponyoka likamkata kidole gumba cha mguu wa kushoto, ukucha ukang'oka na haukuota tena. Wanja mwenyewe alimfunga kidonda kwa kitambaa cha leso yake.

Kisha ikaja Imajensi, ile Hali ya Hatari ya serikali ya wakoloni. Msitu wa mlimani ukapigwa marufuku, kafyu ikawekwa, na siku moja ya mwaka wa hamsini na nne wanaume wote walikalishwa chini kwa mistari kwenye uwanja wa soko. Mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho alipitishwa mbele yao taratibu. Alipotikisa kichwa, aliyekuwa mbele yake aliinuliwa na kutupwa kwenye lori. Wanawake walitazama kutoka nyuma ya ua. Muthamia alikuwa amekaa mstari wa tatu, na wenzake wengi wakitetemeka, yeye alionekana ametulia. Gunia likasimama mbele yake, likatikisika mara moja.

Wanja hakulitazama gunia. Alitazama miguu iliyotokeza chini yake. Kidole gumba cha kushoto hakikuwa na ukucha.

Hakupiga kelele. Siku zile, kumjua aliye ndani ya gunia kulitosha kukuua. Baada ya wiki mbili Kivuti akafanywa hedimani, mkuu wa kijiji chini ya chifu, akapewa homugadi, askari wenyeji wa serikali, wa kuwaamuru, na buti za kuvaa. Tangu hapo hakuonekana tena bila buti, hata kwenye jua la Januari.

Mwaka uliofuata ililetwa karatasi kutoka kambi ya mbali alikopelekwa Muthamia. Ilisema amekufa kwa homa. Aliyeisoma alikuwa Kivuti, maana yeye ndiye aliyejua kusoma na ndiye aliyekuwa hedimani. Aliisoma vizuri, akipumua kwenye kila kituo. Wanja akamshukuru, akamshika mkono binti yake Mukami, akaenda zake. Kuanzia asubuhi ile alikuwa akimsalimia Kivuti kila siku, na kila siku alimuuliza habari ya nyumbani. Watu walidhani amevunjika.

Wakati huo walikwisha kuhamishwa wote kutoka kwenye mashamba yao na kukusanywa katika kijiji kimoja, vibanda vimepangwa mistari, handaki limezunguka pande zote likiwa na vijiti vilivyochongwa ncha. Wanawake waliruhusiwa kutoka saa moja kwa siku kutafuta kuni na maji, homugadi wakiwa nyuma yao. Kazi ya lazima ilikuwa haiishi: leo handaki, kesho barabara. Mwishoni mwa mwaka wa hamsini na tano Kivuti aliongeza kazi yake mwenyewe. Ofisa mzungu wa huko aliwahi kutamka mbele yake kwamba hedimani mwenye nyumba ya matofali ni mtu anayeweza kufikiriwa kwa uchifu. Kivuti hakulala vizuri tangu alipoisikia kauli hiyo. Alitaka nyumba ya ghorofa, ambayo mtu akisimama juu ataona hadi ng'ambo ya handaki, na paa lake la mabati litamulika hadi barabarani.

Akamwita Wanja. Alimwambia kwamba serikali inahitaji matofali elfu kumi, na kwamba yeye ndiye mwenye mikono.

"Mama Mukami," alisema, "tofali ni chungu kisicho na tumbo. Halikushindi."

"Udongo upo, baba Bundi," Wanja alijibu, akimwita kwa jina la mwanawe. "Ila uko kwa wanawake."

Kivuti akacheka. Akasema mambo ya mwiko yalikwisha siku handaki lilipochimbwa, na kwamba atampa homugadi sita wenye bunduki wasimame juu ya machimbo na kuhakikisha hakuna mwanamke anayelala. Wanja akainamisha kichwa. Akauliza jambo moja tu, kama hedimani mwenyewe atafika kuuchagua udongo. Kivuti alitazama pembeni, akasema ana kazi nyingi za karatasi.

Wanja alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Matofali elfu kumi, kwa sheria ya kiwiko, yangemaliza pande zote mbili za machimbo, ule uliokuwa ukichimbwa na ule uliokuwa umepumzishwa, na vizazi viwili vingekaa bila udongo. Kukimbia hakuwezekani. Kukataa kulikuwa ni kupelekwa alikopelekwa Muthamia.

Siku ya kwanza wanawake arobaini waliteremka bondeni na majembe. Homugadi sita walikuja nyuma yao hadi juu ya ukingo, na hapo miguu yao ikakataa. Hakuna aliyewaamuru. Waligeuka mmoja mmoja, wakayapa machimbo migongo, wakasimama wakiutazama mlima kana kwamba adui angetokea huko. Bunduki zao zilikuwa zinalinda mawingu.

Mmoja wao, kijana aliyeoa mwaka uliotangulia, aliuliza bila kugeuza shingo kama ni kweli yale yanayosemwa kuhusu watoto.

Aliyemjibu alikuwa Kiende, mwanamke mnene aliyeolewa kutoka Kanyakine, upande wa Meru, na aliyeuleta ulimi wake kutoka huko bila kuupunguza makali. "Una wangapi?"

"Mmoja."

"Basi geuka, mwanangu. Huyo mmoja anakutosha."

Wanawake walicheka hadi majembe yakawatetemeka mikononi. Homugadi hawakugeuka siku ile, wala siku yoyote katika siku kumi na tisa za kuchimba.

Wanja alisubiri kicheko kiishe. Kisha akawaongoza wote hadi upande wa jioni, upande uliokuwa umepumzika miaka miwili na nusu. Akapiga magoti, akachimba hadi kiwiko, akautoa ule udongo mzuri na kuuweka kando chini ya majani. Halafu akasimama, akashika jembe kwa mikono miwili, akaendelea kushuka. Jembe la tano lilitoka na rangi nyingine, kijivu cha kibuluu, na ndani yake vijiwe vyeupe kama mtama.

Kiende aliacha kuchimba. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mkono wa Wanja umepita mpaka. Wanja akasema anajua.

"Ukitoboa hapo umeliua shimo. Mama yako angekupiga kwa mpini wa jembe."

"Tukichimba huku kwa kina, tutauokoa upande wa asubuhi," Wanja alijibu. "Tukifuata kiwiko tutamaliza kote."

Kiende aliegemea jembe lake. Alikuwa mcheshi, hakuwa mjinga. "Hiyo ndiyo sababu?"

"Hiyo ni sababu ya kuwaambia wazee."

"Na yako?"

"Mama yangu alikufa akiwa na mume wake kando," Wanja akasema. "Mimi nimesomewa karatasi. Chimba, Kiende."

Kiende akachimba. Wengine thelathini na wanane wakachimba. Wote waliviona vijiwe vyeupe, na wote walijua. Wengi wao walikuwa na karatasi zao, au mwana aliyepotelea kwenye lori lile lile. Hakuna aliyelitaja jambo hilo walipopanda ukingoni. Walifinyanga matofali kwa kalibu ya mbao aliyoileta Kivuti, wakayaanika, wakayapanga tanuu nje ya handaki, wakayachoma siku nne. Yalitoka mekundu. Ukigonga mawili yalilia kama kengele, na Kivuti alipita kati ya marundo akiyagonga kwa fimbo yake, akisikiliza.

Mtu mmoja tu alikaribia kuiharibu kazi yote. Alikuwa Warsame, Msomali aliyekuwa na nyumba Meru mjini na lori la kubebea mizigo, ambaye Kivuti alimwagiza alete mabati na vioo vya madirisha. Wanja na wenzake waliamriwa kushusha mzigo. Warsame, akingoja, aliokota tofali lililovunjika pembe. Akaligeuza juani. Akaona doa jeupe, akalitemea mate, akaliwekea kidole akasubiri kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo ya mgonjwa. Wanja alikuwa hatua mbili kutoka kwake na bati kichwani.

Baba yake Warsame alikuwa akichoma chokaa, na vijiwe vile ni mawe ya chokaa. Hilo Wanja hakulijua. Aliona tu kwamba uso wa mtu yule ulibadilika, kwamba alilitazama rundo lote la matofali, kisha akamtazama yeye.

"Mama," Warsame aliuliza kwa Kiswahili chake cha barabarani, "mvua iko karibu hapa?"

"Mwezi mmoja, Mungu akipenda."

Kivuti alikuja wakati huo na buti zake, akauliza kama mfanyabiashara ameona uzuri wa matofali ya Karurumo. Sasa, wiki chache kabla ya siku ile, homugadi walikuwa wamelisimamisha lori la Warsame kwenye kizuizi, wakamwaga mzigo wake wote barabarani, na Kivuti alipita juu ya mkeka wake wa kuswalia kwa buti zile zile, akauliza kama chini yake kuna risasi. Warsame alilirudisha tofali kwenye rundo kwa adabu, akafuta kidole chake kwenye kikoi.

"Hedimani," alisema, "hata mjini Meru hakuna nyumba itakayofanana na hii."

Akawasha lori. Alipopita mbele ya Wanja aliinua mkono kidogo kutoka kwenye usukani, na hiyo ndiyo salamu yote waliyowahi kupeana.

Nyumba ilisimama mwishoni mwa Februari. Ilikuwa na vyumba vinne chini na viwili juu, ngazi ya mbao, na paa ambalo kweli lilimulika hadi barabarani. Kivuti alihamia. Baada ya wiki moja mke wake alianza kulalamika kwamba kuta zinatafuna. Ukinyamaza, alisema, utazisikia: tik, kisha tik, kama bibi anayevunja karanga kwa gego moja. Kivuti alisema ni mchwa. Akaagiza wapulizie dawa. Wanja alizisikia habari hizo kwenye foleni ya maji, na Kiende aliyekuwa nyuma yake akauliza kwa upole kama mchwa wa siku hizi wana meno ya chokaa. Mlio ule ulikuwa wa vijiwe vya ndani, vilivyoanza kunywa pole pole maji ya matope ya kujengea.

Mvua kubwa ilianza juma la mwisho la Machi. Ofisa aliahidi kuja kuitazama nyumba siku ya Jumatano, na kijiji chote kiliamriwa kupanga mistari kumpokea, wanawake upande mmoja, watoto mbele. Mvua ilikuwa imenyesha usiku tano mfululizo. Asubuhi ile kuta zilikuwa zimeota vipele vyeupe kutoka chini hadi madirishani. Kivuti alikuwa amewatoa watu alfajiri wazipake udongo mwekundu, lakini rangi ilikuwa bado mbichi na vipele vilitokeza juu yake.

Ofisa aliteremka garini, akasifu paa, akaegemea ukuta kwa mkono mmoja ili akung'ute tope kwenye kiatu. Kipande cha ukuta, ukubwa wa mkate, kikamfuata mkononi. Alikitazama. Akakibinya, na tofali likasagika kati ya vidole vyake kama keki. Akabandua lingine kwa kidole, halafu lingine, kama mtoto aliyepata mchezo. Akauliza kwa Kiswahili kibovu kama hedimani amejenga nyumba ya ugali.

Kisha akacheka. Alicheka kwa sauti, amejishika kiuno, na askari aliokuja nao wakacheka kwa kuwa yeye alicheka, na homugadi wakaangalia chini wakiuma midomo, na mtoto mmoja mstari wa mbele akapasuka. Kijiji kizima kikacheka. Kilikuwa hakijacheka hivyo tangu kuhamishwa, na hakuna aliyeweza kuadhibiwa kwa kumfuata mzungu. Kivuti alisimama katikati na buti zake. Wanja peke yake hakucheka. Alimtazama machoni hadi yeye ndiye aliyeinamisha kichwa.

Ghorofa ya juu iliporomoka Aprili, mchana, watu wakiwa nje. Kufikia Juni hedimani alikuwa mtu mwingine, na Kivuti aliishi katika kibanda cha nyasi kwenye mstari wa nne kama kila mtu, nyuma ya lundo la matofali yake. Watoto walikiita kibanda hicho Nyumba ya Ugali, na wengine wanakiita hivyo hadi leo.

Jioni moja kabla ya kafyu Kivuti alimfuata Wanja, aliyekuwa akipukuchua mahindi mlangoni. Hakukaribishwa. Alisimama.

"Mama Mukami, ulijua."

Wanja aliendelea na mahindi yake. "Nilijua nini?"

"Yale mawe meupe. Wanawake wote mlijua."

"Ulituwekea homugadi sita wenye bunduki, siku kumi na tisa. Waulize waliona nini."

 Kwa Kivuti, kumshtaki Wanja kungekuwa ni kwenda mbele ya watu na kukiri kwamba yeye, aliyesema mwiko umekwisha, aliogopa kutazama shimo, na kwamba bunduki zake ziliogopa pamoja naye. Wanja alimaliza gunzi moja, akashika lingine. Kivuti akajaribu mlango mwingine. Akasema kwamba yeye na Muthamia walitahiriwa siku moja.

"Najua," Wanja alisema. "Ndiyo maana alikaa kwenye mstari ule ametulia. Aliona mguu wako chini ya gunia, akadhani ameokoka."

Kivuti akatazama chini, kwenye buti.

"Ulichelewa kuvaa viatu, baba Bundi," Wanja akamwambia. Ndilo lililokuwa neno la mwisho alilomwambia maishani mwake. Salamu za kila asubuhi zilikoma kesho yake.

Lakini shimo lilikuwa na hesabu yake. Mvua ile ile iliyoifumua nyumba iliujaza upande wa jioni maji meupe yenye uchungu, ambayo hata mbuzi waliyakataa. Yalisimama hapo miezi, yakaanza kula ukingo. Wanawake wazee wa ufinyanzi walikutana bondeni, kila mmoja na rungu dogo la kupondea udongo mapajani, wakamwita Wanja. Aliwaambia ile sababu ya wazee, kwamba alitoa upande mmoja ili kuuokoa mwingine. Walimsikiliza hadi mwisho. Mkubwa wao akasema kwamba hayo ni kweli na kwamba hata yeye angefanya vile vile. Akaongeza kwamba sheria haikuuliza moyo wa mtu, iliuliza kiwiko chake. Upande wa asubuhi ulikuwa mzima, na ungebaki mzima tu kama kila mwanamke wa baadaye atajua kwamba hakuna anayepita kiwiko bure, hata mwenye haki.

Hukumu ilikuwa kondoo mmoja, na kwamba Wanja asiguse udongo wa kufinyanga hadi shimo alilolichimba lijae.

Waliwasamehe wale wengine thelathini na tisa, maana walichimba kwa neno lake. Kiende alilia. Wanja hakulia, alikuwa amelijua jambo hilo tangu jembe la tano. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, mfinyanzi bora kati ya mito ya Thuci na Ena, na mikono yake haikufinyanga tena hata kifuniko.

Aliyefinyanga alikuwa Mukami, upande wa asubuhi, hadi kiwiko. Miaka mitatu walichimba nusu yake, miaka mitatu nusu nyingine, kwa kuwa sasa upande mmoja ulibidi ufanye kazi ya pande mbili. Vyungu vilipungua. Wanawake walikubaliana kila mfinyanzi atoe vinane kwa msimu badala ya kumi na viwili, na yule atakayezidisha atafuatana na Wanja kwenye kazi yake.

Kazi yake ilikuwa hii. Kila siku ya soko, Wanja alichukua kiondo, kikapu cha kubebea mgongoni, akaenda kwenye lundo la matofali ya Kivuti, akakijaza kifusi, akauweka mkanda wake kwenye paji la uso, akateremka nacho bondeni na kukimwaga shimoni. Kiondo kimoja kila siku ya soko. Njia ilipita mbele ya mlango wa Kivuti, ingawa kulikuwa na njia nyingine iliyokuwa fupi zaidi. Hali ya Hatari ilipokwisha na watu wakarudi kwenye mashamba yao, lundo lilibaki pale kijijini, na Kivuti naye akabaki, kwa kuwa watu wa rika lake hawakutaka jirani kama yeye. Wanja alitembea maili mbili zaidi kulifuata.

Nilipomwona alikuwa mzee, shingo imekauka, mkanda umemchimbia mstari kwenye paji. Shimo lilikuwa limejaa zaidi ya nusu, na kingo zake zilikuwa zimeota nyasi. Nilimuuliza kama anajuta. Alifikiri, akasema analijutia shimo. Kuhusu lile jingine, alisema, angechimba tena, na angechimba kwa kina zaidi.

Siku ile nilitembea nyuma yake. Kivuti alikuwa amekaa mlangoni, amepinda, miguu yake iko wazi. Buti zilikwisha zamani. Wanja alipokijaza kiondo na kuinama kukitwaa, mzee yule aliinuka kwa shida, akaja, akainama upande wa pili, akakiinua kifusi cha nyumba yake mwenyewe hadi kikakaa sawa mgongoni mwa Wanja. Kilikuwa kizito na alikuwa akihema. 

Wanja alisimama kidogo na mzigo. Kisha akauvua mkanda, akakishusha kiondo, akakipindua, akamwaga kifusi chote chini. Akapiga magoti. Akakijaza upya kwa mikono yake, konzi kwa konzi, bila haraka, akajitwika peke yake, akateremka bondeni.